Insha Isiyo na Mswada

Neno hili husikiwa karibu kila mahali penye shule: watoto wamesoma, lakini hawajui kuandika. Mzazi humtaka kijana wake aandike barua kwa ndugu aliye mbali, au maombi kwa ofisi ya wilaya juu ya kiwanja, na barua ikimalizika yapendeza macho. Hati ni nzuri, salamu zipo mahali pake, mistari imenyoka. Lakini yule aliyepelekewa huisoma mara mbili asijue ametakiwa kufanya nini. Ndipo lawama huanza. Wengine humlaumu kijana kuwa ni mvivu, wengine hulaumu maneno ya mitaani, na wengine humlaumu mwalimu kwamba hasahihishi vya kutosha. Hiyo lawama ya mwisho ndiyo nitakayo kuitazama, maana naiona imesimama kichwa chini miguu juu. Mwalimu husahihisha sana, tena kwa taabu nyingi. Tatizo ni kwamba husahihisha wakati usiofaa, na mara nyingi hushika lile lililo dogo akaliacha lililo kubwa.

Na tutazame jinsi insha inavyofundishwa katika shule nyingi. Mwalimu huandika kichwa cha habari ubaoni, tuseme "Umuhimu wa Maji" au "Siku Nisiyoisahau". Watoto huinama juu ya madaftari yao, huandika kwa kipindi kimoja, kengele hulia, madaftari hukusanywa. Mwalimu huyachukua nyumbani, akakesha nayo, akapiga mistari myekundu kila alipoona herufi iliyokosewa au neno lisilopatana na jina lake, kisha akatia alama chini ya ukurasa. Madaftari yakirudi, mtoto hutazama alama, hulifunga daftari, na juma lijalo huletwa kichwa kingine. Ile insha ya kwanza imezikwa pamoja na makosa yake yote. Hapana fundi seremala afundishaye hivyo. Fundi humwambia mwanafunzi wake kwamba mguu wa kiti umekwenda upande wakati kiti hakijaunganishwa bado, wakati randa na msumeno vyaweza kufanya kazi. Hangoji mpaka kiti kimekwisha kupakwa rangi ndipo aandike juu ya kiegemeo kwa chaki: kibaya.

Iko njia nyingine, na walimu wengine wameishika tangu zamani bila kuipa jina. Mtoto hukusanya kwanza anayoyajua juu ya jambo lake. Huandika mswada, yaani andiko la kwanza ambalo kila mtu ajua kwamba litabadilishwa. Mswada husomwa na mtu mwingine, naye huuliza maswali. Mtoto huutengeneza upya ili maana iwe wazi. Baada ya hayo ndipo husahihisha herufi na nukta, akanakili nakala safi. Kwa maneno haya machache jambo laonekana kuwa jepesi, na kwa sababu ya wepesi huo ndipo linapoharibika, kama nitakavyoonyesha.

Huko Marekani mtu aliyelitangaza sana shauri hili ni Donald Murray. Yeye kwanza alikuwa mwandishi wa gazeti; mwaka 1954 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa makala za maoni alizoandika katika Boston Herald, na baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha New Hampshire. Mwaka 1972 aliwahimiza walimu wenzake waache kufundisha insha kama kitu kilichokwisha kufanyika, wafundishe kazi yenyewe ya kuandika ingali ikiendelea. Akaigawa kazi hiyo sehemu tatu. Kujiweka tayari kabla ya kuandika, alisema, huchukua kama sehemu 85 katika kila 100 za muda wa mwandishi. Kuandika mswada wa kwanza kwaweza kuchukua sehemu 1 tu. Na zile 14 zilizobaki ni za kuandika upya. Hesabu hizi tusizishike kama vipimo vya dawa. Ni makadirio ya fundi anayeijua kazi yake, na mtoto wa darasa la tano si mwandishi wa Boston Herald. Hata hivyo zina faida kwetu, maana zatuonyesha kioo. Ile sehemu aliyoipa 1 katika 100 ndiyo sisi tuliyoipa kipindi kizima, na zile mbili nyingine tumezinyima hata dakika.

Mwaka mmoja kabla yake, yaani 1971, Janet Emig alitoa habari za uchunguzi wake juu ya vijana wanane wa miaka 16 na 17, wa shule za eneo la Chicago. Aliwaomba wayaseme mawazo yao kwa sauti huku wakiandika, naye akasikiliza. Aliona kwamba yale yaliyoandikwa katika vitabu vya kufundishia, kwamba mtu hupanga kwanza, kisha huandika, kisha hurudia, kila hatua mahali pake kama mabehewa ya garimoshi, hayakuwa hivyo kwa vijana hao. Kazi waliyopewa na shule hawakupenda kuirudia kwa hiari yao. Bali kazi waliyojiandikia wenyewe waliikalia na kuifikiri zaidi. Nadhani jambo hili lampasa kila mwalimu alitafakari kabla ya kubandika hatua zake ukutani. Hatua si ngazi ambayo mtu akipanda cha pili hawezi kushuka tena kwenye cha kwanza. Mara nyingi mtu hujua anataka kusema nini akiwa amekwisha kuandika nusu ya ukurasa.

Lakini aliyenifungua macho zaidi ni Nancy Sommers, katika makala yake ya mwaka 1980. Aliwachukua wanafunzi 20 walioanza masomo ya chuo kikuu, na watu wazima 20 waliozoea kazi ya kuandika, kama waandishi wa magazeti, wahariri na wasomi. Kila mmoja alitunga insha tatu, na kila insha akaiandika upya mara mbili, hata mikononi mwa Sommers yakawa maandiko tisa ya kila mtu. Haya, hapo mswada ulikuwapo, na kurudia kulikuwapo, wala hakuna aliyeandika mara moja akaondoka. Je, wanafunzi waliendelea? Waliporudia, wengi wao walibadilisha maneno tu: neno hili walilitoa wakaweka lingine lenye maana ile ile, neno lililotajwa mara mbili walilifuta. Waliidhani kazi ya kurudia kuwa ni kazi ya kusafisha maneno. Wale watu wazima walifanya kazi nyingine kabisa. Walitafuta umbo la fikira zao, walimfikiri msomaji, walikata sehemu nzima na kuhamisha nyingine, na kazi ya maneno madogo waliiacha mpaka baadaye.

Hapa ndipo nisipokubaliana na wale wanaosifu hatua kwa ajili ya hatua zenyewe. Yako madarasa ambamo njia hii imepokewa kwa furaha, na mtoto hutakiwa kuleta "mswada wa kwanza", "mswada wa pili" na "nakala safi", kila kimoja katika karatasi yake. Ukizisoma karatasi hizo tatu waona kwamba ni insha moja iliyonakiliwa mara tatu. Ya pili imepungua makosa manne, ya tatu imepigiwa mstari wa kalamu ya rangi chini ya kichwa cha habari. Mtoto amechoka, karatasi zimekwisha, na mwalimu aamini ya kuwa amefundisha kutunga. Kwa kweli amefundisha kunakili. Hatua zote hizo zategemea moja iliyo katikati, yaani pale mswada unaposomwa na mtu atakaye kujua maana yake. Ikiondolewa hiyo, nyingine zote ni mwendo wa miguu bila safari.

Nisije nikasema kwa maneno matupu, na tuchukue mfano. Tuseme kichwa cha habari ni "Kisima cha Kijiji Chetu", na mtoto wa darasa la sita ameandika hivi:

"Maji ni uhai. Kila binadamu anahitaji maji. Katika kijiji chetu kuna kisima. Kisima yetu ni nzuri sana na sisi tunapenda kisima yetu. Siku moja asubuhi na mapema jua likichomoza na ndege wakiimba kwa furaha nilienda kisimani nikaona watu wengi. Wengine waligombana. Kisha nilirudi nyumbani. Kisima ni mhimu tutunze kisima yetu."

Mwalimu mwenye wino mwekundu aijua kazi yake hapa. "Kisima yetu" atakigeuza kiwe "kisima chetu", tena mara tatu. "Nzuri" itakuwa "kizuri", "mhimu" itakuwa "muhimu", na kabla ya "tutunze" atatia nukta. Mtoto akinakili, tutapata insha safi isiyo na kosa hata moja, na isiyo na neno hata moja la kumfaa mtu yeyote. Mambo yaliyomo yangeweza kuandikwa na mtoto asiyekiona kisima hicho hata siku moja.

Lakini mwalimu mwingine aupokea mswada ule, aweka wino mwekundu kando, asoma mpaka mwisho kama asomavyo barua, kisha auliza swali moja tu: "Umesema wengine waligombana. Ni akina nani, na waligombania nini?" Mtoto aanza kusema, na kila asemalo lazaa swali lingine. Mwalimu amwambia, "Haya uliyoniambia sasa hayamo katika karatasi. Nenda ukayaweke." Siku ya pili mtoto aleta haya:

"Mwezi wa tisa maji ya kisima yetu hupungua hata ndoo moja hungojewa sana. Watu huja usiku na kila mtu huweka jiwe lake kwenye mstari halafu hurudi kulala. Siku hiyo mtu aliondoa jiwe ya bibi mzee jirani yetu akaweka yake. Bibi alipofika alisema jiwe langu nalijua lina doa jeupe. Watu walicheka. Mimi nililiona jiwe limetupwa kwenye majani lakini niliogopa kusema."

Hebu msomaji azipime insha hizi mbili mwenyewe. Ya pili ingali ina makosa: "kisima yetu" bado ipo, "jiwe ya bibi" imeongezeka, na maneno ya bibi hayakutiwa alama zake. Mwalimu wa wino mwekundu angeipa alama zile zile, labda pungufu. Lakini sasa twajua jinsi watu wa kijiji kile wanavyogawana maji mwezi wa tisa. Twajua ya kwamba iko sheria ya mawe isiyoandikwa popote, na ya kwamba sheria hiyo humwonea asiye na mtu wa kumsemea. Haya yote mtoto aliyajua tangu mwanzo. Hakuyaandika kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kwamba hayo ndiyo yanayotakiwa. Alidhani insha hutaka jua lichomoze na ndege waimbe. Tena angalia neno lile la mwisho, "niliogopa kusema". Neno la namna hiyo halitolewi na kalamu nyekundu hata ikeshe mwaka mzima. Hutolewa na msomaji aliyeuliza na akangoja.

Na hatari yake ipo, nami siifichi. Mwalimu mwenye haraka huuliza swali na kulijibu mwenyewe, akamwambia mtoto, "Hapa andika kwamba bibi alilia sana." Hapo insha imekuwa ya mwalimu, na mtoto amekuwa karani wake. Swali zuri ni lile ambalo mwalimu hajui jibu lake. Akijua jibu, afadhali anyamaze.

Sasa twende kwenye yale makosa ya lugha, maana sitaki mtu aseme kwamba nafundisha watoto kuandika ovyo. Kupeleka usahihishaji nyuma si kuufuta. Mina Shaughnessy alifundisha katika City College ya New York wakati milango ya vyuo vikuu vya mji ule ilipofunguliwa, mwaka 1970, kwa vijana wengi ambao zamani hawangeingia. Alisoma karatasi zao kama 4,000, zilizojaa makosa hata walimu wengine wakakata tamaa, na katika kitabu chake cha mwaka 1977 akaonyesha kwamba makosa hayo mengi yana sababu na utaratibu, kwamba kijana akoseaye hufuata kanuni fulani aliyojitungia. Sisi twalijua hilo vizuri. Mtoto asemaye "kisima yetu" na "jiwe ya bibi" hajarusha maneno hewani. Ameishika kanuni moja nyepesi, kwamba kila kitu ni "ya", na kanuni hiyo ameisikia sokoni na ndani ya basi, au imemjia kwa kuwa lugha ya mamaye si Kiswahili. Kumpigia mistari kumi nyekundu ni kumwambia mara kumi kwamba amekosa. Kumweka mezani na kumwonyesha kisima chetu, kitabu chetu, kiti chetu, kisha kumwacha ajitafutie mengine katika mswada wake mwenyewe, ni kumpa kanuni bora badala ya ile mbovu. Insha moja, kanuni moja: "jiwe la bibi" lingojee insha ijayo.

Wako hata hivyo waliochukua shauri la Murray wakalipeleka mbali mno. Walidhani mtoto akiachwa aandike kwa uhuru, lugha sanifu itamjia yenyewe kama meno. Aliyewajibu vizuri ni Lisa Delpit, mwalimu mweusi wa Marekani, katika makala aliyoiandika mwaka 1986. Alisema kwamba watoto waliozaliwa katika nyumba zenye lugha ya shule wataweza, maana wanayo tayari. Bali watoto wa nyumba nyingine, wasipofundishwa wazi wazi kanuni za lugha ile itakiwayo na wenye madaraka, watabaki nje ya mlango hata wakiwa na mawazo mazuri namna gani. Hakukataa mswada wala kuandika upya. Alikataa mwalimu anyamazaye wakati mtoto anahitaji kuambiwa. Kwa watoto wa kwetu bara neno hili lina nguvu mara mbili. Mtoto wa kijijini hawezi kuyabahatisha mapatano ya ngeli. Lazima afundishwe. Nisemalo mimi ni kwamba afundishwe juu ya neno ambalo yeye mwenyewe anataka lisikike, yaani baada ya kusema habari za jiwe la bibi, wala si kabla yake.

Walimu wenzangu watanijibu kwamba mtihani hautoi nafasi kwa mambo haya. Kenya, katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili ilipewa dakika 40 na alama 40. Katika dakika 40, wasema, nani aandike mswada? Basi watoto wakafundishwa njia ya mkato: wakakaririshwa mianzo na miisho, mafungu ya misemo, mapambazuko yaliyopambwa tayari, hata mtoto akiambiwa aandike juu ya mazishi au juu ya mchezo wa mpira, jua ni lile lile na ndege ni wale wale. Wasahihishaji hawadanganyiki kwa muda mrefu. Lakini hasara kubwa si ya alama. Mtoto amejifunza kwamba kuandika ni kutoa akiba ya maneno ya watu wengine, na barua yake ya kiwanja itakuwa hivyo hivyo: salamu nyingi, misemo miwili, na ombi limesahauliwa.

Nisidhaniwe kwamba nadharau vielelezo. Shaaban Robert alitoa kitabu chake Kielezo cha Insha mwaka 1954, na kwa mtu atakaye kuona Kiswahili kilichosimama wima, humo ataona. Ila kielelezo kina upungufu wake kwa asili: huonyesha nyumba iliyokwisha ezekwa, wala hakionyeshi nguzo zilizong'olewa zikachimbiwa upya. Mtoto asomapo ukurasa uliokamilika hudhani mwandishi mkubwa huandika mara moja tu, na kwa kuwa yeye mwenyewe hawezi hivyo, husema, "Mimi sina kipaji." Dawa yake ni nyepesi. Mwalimu na atunge aya moja ubaoni mbele ya darasa, afute, arudi nyuma, ahamishe sentensi, aseme kwa sauti kwa nini neno hili halimridhishi. Watoto wakimwona mtu mzima akifuta maneno yake mwenyewe bila aibu, watajua kwamba kufuta si adhabu.

Na juu ya zile dakika 40, mtoto aliyezoea mswada mwaka mzima huingia katika mtihani na mazoea yake. Atatumia dakika tano au sita akijiuliza ni jambo gani hasa alijualo juu ya kichwa kile, na ni nani atakayelisoma. Ataandika mstari mmoja wa neno lake kuu pembeni. Ataacha dakika tano za mwisho asome mara mbili: mara ya kwanza akitafuta maana tu, mara ya pili akitafuta lile kosa moja ambalo ajua humshika kila mara.

Limebaki lile la wingi wa watoto, nalo ni gumu kuliko yote, maana darasa lenye watoto 60 au 80 si jambo geni kwetu. Mwalimu hawezi kuketi na kila mtoto. Na asiketi. Watoto wakae wawili wawili. Mmoja asome mswada wake kwa sauti, mwenziwe asikilize bila kuishika karatasi, maana akiishika ataanza kutafuta herufi. Akimaliza kusikiliza aseme mambo mawili tu: nimeelewa hili, nataka kujua lile. Mwanzoni watoto watasema, "Ni nzuri," na kunyamaza, kwa kuwa hawakuzoea kuulizwa. Yachukua majuma kadhaa kabla hawajajifunza kuuliza, na mwalimu asikate tamaa. Siku hizi simu na kompyuta zaweza kurekebisha herufi zilizokosewa katika lugha nyingi, lakini sijaona mashine itakayo kwa dhati kujua lile jiwe lilikuwa la nani.

Mwalimu mwenyewe achague madaftari 10 kwa juma, asome miswada hiyo tu, aandike chini ya kila mmoja swali moja kwa kalamu ya risasi. Insha zipungue idadi. Badala ya insha 12 katika muhula, zitoshe tatu au nne zilizopitia mikono yote hiyo. Mkaguzi akiuliza kwa nini daftari lina insha chache, atajibiwa kwa daftari lenyewe. Karatasi ni ghali, kwa hiyo mswada uandikwe kwa kalamu ya risasi kwenye upande wa kushoto wa daftari, mstari mmoja ukirukwa kila mara ili pawe na mahali pa kuongeza, na nakala safi iandikwe upande wa kulia kwa wino. Mswada usifutwe wala usichanwe. Mzazi akija shuleni kuuliza maendeleo ya mtoto wake, aonyeshwe pande zote mbili, na kama hajui kusoma, mtoto amsomee.